Dari Inaitwa Sifuri

Feni ilikuwa imezimwa tangu saa nne asubuhi, dirisha limezibwa kwa godoro la inchi sita, na bibi aliyekuja kuimba alishaomba kitambaa cha pili cha kujifutia jasho. Chumba chenyewe kiko uani, Temeke, nyuma ya nyumba ya kupangisha. Ukutani zimebandikwa trei za mayai. Fundi mwenyewe anakiri kwamba hazizuii kelele hata ya kuku, ila wateja wasipoziona hawaamini kuwa hapa ni studio, basi ameziacha.

Kompyuta ilikuwa wazi lakini hakuigusa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya kisanduku kidogo kinachopokea waya wa maiki, vidole viwili vimeshika kile kitufe cha kuzungusha ambacho wenyewe wanakiita geini. Macho yalikuwa kwa bibi.

"Bibi, hebu niimbie kidogo nipime sauti."

"Niimbe upi?"

"Huohuo utakaouimba."

Bibi akaimba ubeti mmoja kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Mstari wa kijani ukapanda hadi hasi 18, ukashuka. Mimi ningesema sawa, tuanze. Yeye akarudisha geini nyuma, kiasi cha upana wa punje ya mchele. Nikamnong'oneza: mbona unapunguza sauti ambayo tayari ni ndogo?

"Huyu hajaimba bado, mzee," akasema. "Hapa ananisalimia tu."

Kwenye mita ya kompyuta, sifuri ndiyo dari. Jambo hili humchanganya kila anayeanza, maana sisi tumezoea sifuri kuwa sakafu: bao sifuri, salio sifuri. Humu namba zote unazozitaka ni hasi, na ukigonga sifuri umekwisha. Kila desibeli 6 unazoshuka, kimo cha wimbi la sauti kinakuwa nusu ya kilivyokuwa. Hasi 6 ni nusu ya chumba, hasi 12 ni robo, hasi 18 ni sehemu ya nane. Yaani bibi alikuwa ameacha sehemu saba kati ya nane za chumba zikiwa tupu, na bado fundi akaona paa liko karibu.

Kompyuta haisikii, inapima. Pale kwa fundi inapima mara 48,000 kwa sekunde: kila mara inaangalia wimbi limefika wapi na kuandika namba. Kwenye sauti ya biti 16, ile ya CD, namba kubwa kuliko zote ni 32,767. Sauti ikihitaji 40,000, inaandikwa 32,767. Ikihitaji 60,000, ni 32,767 ileile. Wimbi lililopaswa kuwa na kilele linatoka limenyolewa, bapa kama meza. Zile kona mbili za meza ndizo tunazozisikia kama sauti kupasuka, kwa sababu kona kali ndani ya wimbi huzaa sauti nyingine za juu zaidi ambazo koo la mwimbaji halikuzitoa. Na kile kipande kilichonyolewa hakikuandikwa popote. Zipo programu za kukisia kilele kilikuwaje, na nyingine hukisia vizuri sana, lakini hilo ni jino la bandia.

Uchungu wake naujua. Mwaka 2009 niliazima kinasa sauti kidogo cha mfukoni nikaenda nacho Pangani kumrekodi bibi yangu mzaa mama. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu, nami kwa kuogopa asisikike nikapandisha sauti hadi mwisho. Nina karibu saa nzima ya maneno yake, safi kabisa. Ila bibi yangu alikuwa hamalizi kisa bila kucheka, na kila alipocheka kile chombo kiliandika kitu kama turubai linachanwa. Maneno yote ninayo. Kicheko sina.

Nilipomsimulia fundi, hakunipa pole. Aliniuliza: "Ulipomjaribu, alikuwa anasema nini?" Nikakumbuka. Nilikuwa nimemwambia ahesabu moja mpaka kumi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kazi yake ni ipi. Vitabu vya mafundi mitambo vinasema panga geini ili vilele vifike kati ya hasi 12 na hasi 6, basi. Ni kweli, na mtoto wa darasa la nne anaweza kulishika hilo. Kinachomshinda mtu ni kukisia, kutokana na sauti ya salamu, sauti itakayotoka dakika kumi baadaye mwimbaji akishapata moto. Fundi huyu ana namna zake. Humwomba mwimbaji aimbe kiitikio cha mwisho kwanza, badala ya ubeti wa mwanzo. Husikiliza pumzi: anayevuta pumzi ndefu kabla ya mstari mfupi, huyo amebaki na kitu tumboni. Huuliza habari za harusi zilizopita, nani aliimba vizuri, nani aliharibu. Mtu akianza kubishana, sauti yake halisi hutoka bila kuombwa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto husogea kidogo bila yeye kukatisha maongezi.

Kuna kosa moja la wanaoanza ambalo alinionyesha kwa faili la zamani, la kwake mwenyewe, la siku zake za mwanzo. Sauti ilikuwa imegonga dari mlangoni, kwenye kile kisanduku. Alipoona taa nyekundu akavuta chini ule mkono wa sauti ulio ndani ya programu. Taa ikazimika, akaridhika. Sasa, miaka mingi baadaye, analikuza wimbi kwenye kioo, vilele vinaonekana: viko chini, mbali kabisa na dari, lakini vyote bapa. Mtu aliyenyolewa kipara hapati nywele kwa kuinama. Geini ni mlango wa nyumba. Yaliyopita pale yamepita, na mikono yote iliyomo ndani ya programu inapanga tu vitu vilivyokwishaingia.

Waliotangulia walikuwa na dari za namna nyingine. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, maiki ya umeme ilikuwa na miaka kama mitatu tu tangu ichukue nafasi ya baragumu. Sauti ilichongwa kwa sindano kwenye sahani nene ya nta. Mwimbaji akipaza kupita kiasi, sindano iliyumba mpaka ikavunja ukuta wa mfereji wa jirani, na sahani ikawa ya kutupa. Nta ile ukiipiga usikilize, unaiharibu. Kwa hiyo sahani ya kutengenezea nakala hukuweza kuionja kwanza. Najaribu kumfikiria yule mtu wa mitambo pale Bombay, hajui neno la Kiswahili, mbele yake mwanamke ambaye sauti yake ilivuta watu Unguja nzima bila kipaza sauti, naye anatakiwa kukadiria kwa jicho na kwa umbali wa hatua. Wale waliosikia santuri zile majumbani na mikahawani hawakujua kama mtu huyo wa mitambo alikuwepo.

Utepe wa sumaku, ule wa enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam na bendi zilizoingia studio zikapiga kwa pamoja, ulikuwa na huruma zaidi. Ukiujaza kupita kiasi haukati kichwa mara moja. Unakandamiza taratibu, kilele kinakuwa mviringo, na sauti inanona. Tena utepe una mvumo wake wa chinichini, shhh isiyokoma, kwa hiyo ukirekodi chini sana mvumo unapanda pamoja na muziki. Mafundi wa wakati ule wakajifunza kusukuma sindano ya mita karibu na nyekundu, na walikuwa na haki. Tatizo ni kwamba tabia hiyo ilirithiwa na watu ambao hawajawahi kugusa utepe. Kijana amezaliwa mwaka 2002, anarekodi kwenye kompyuta, na bado amefundishwa kwamba sauti nzuri lazima iguse juu. Ametoa wapi? Kwa aliyemfundisha, naye kwa aliyemfundisha.

Hesabu inasema vingine. Kompyuta ya leo hurekodi kwa biti 24, na kila biti ni kama desibeli 6. Ukiacha desibeli 12 tupu juu, umepoteza biti 2; umebaki na 22, wakati CD ambayo dunia nzima iliisikiliza kwa miaka ina 16. Mvumo utakaousikia baada ya hapo si wa mashine. Ni wa friji ya mwenye nyumba. Siku hizi vipo pia vinasa sauti vya biti 32 vyenye namba za desimali, ambavyo dari yake iko mbali kiasi kwamba ni kama haipo. Nilimtajia fundi, akakubali kwa kichwa, kisha akasema maiki yenyewe nayo ina mwisho wake, na bibi akiisogelea mpaka akaigusa mdomo hakuna biti itakayomsaidia.

Umbali, kwa kweli, ndio geini ya kwanza. Sakafuni pale palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka vipande viwili vya selotepu vilivyoonyesha miguu ya mwimbaji ikae wapi. Kutoka mdomoni hadi maiki ni shubiri moja. Mwimbaji akisogea mpaka nusu shubiri, sauti inapanda kama desibeli 6, yaani wimbi linakuwa na kimo mara mbili, na besi inaongezeka juu yake. Bibi, kama waimbaji wote wa zamani, alikuwa na mazoea ya kuegemea mbele akifika kwenye neno la uchungu. Fundi hakumkataza. Alimpa kiti, akakirudisha nyuma kidogo, akaweka mbele ya maiki kile kichujio cha pumzi alichokitengeneza kwa waya na soksi ndefu ya kike, si kwa ajili ya pumzi peke yake bali kiwe ukuta: akiegemea, pua inagusa soksi, anarudi mwenyewe.

Soksi ile ina kazi nyingine, na hapa niseme kitu kuhusu lugha yetu. Herufi P inapotamkwa, pumzi hutoka kwa mshindo, mshindo ukifika kwenye maiki unatoa wimbi kubwa la chini linalokula nafasi yote. Sasa hesabu P zilizomo katika nyimbo za Kiswahili: penzi, mpenzi, pendo, pete, pumzi, peke yangu. Ni kama washairi walikula njama dhidi ya mafundi mitambo. Fundi huyu anaiweka maiki ikitazama pembe ya mdomo, isiukabili mdomo wenyewe, ili P ipite pembeni na neno lifike.

Ila kati ya yote niliyoyaona, lililonifurahisha zaidi ni la hedifoni. Baada ya mkondo wa kwanza bibi alikuwa amepanda: vilele vilifika hasi 5, na alikuwa bado anapasha. Nikatarajia fundi arudi kwenye geini. Hakurudi. Alinyoosha mkono wa kulia, akaongeza kidogo sauti ya bibi mwenyewe ndani ya hedifoni zake. Bibi akajisikia yuko karibu, yuko mkubwa, na bila kuambiwa akapunguza. Mkondo wa pili vilele vikakaa hasi 9. Mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele ili ajisikie. Anayejisikia sana huanza kunong'ona. Kati ya hizo mbili pana nafasi nyembamba, na fundi alikuwa akimwongoza bibi ndani yake kama mtu anavyomwongoza mgeni kwenye kichochoro, bila kumshika mkono.

Dumbak lilikuja baadaye. Hilo halina salamu. Kofi moja la ukingoni linapanda na kushuka ndani ya vipande vichache vya elfu vya sekunde. Mita za zamani za sindano, zile zilizowekewa kanuni mwaka 1939, huchukua kama thuluthi ya sekunde kufika zinapotakiwa kufika. Zilitengenezwa zifanane na usikivu wa binadamu, si kukamata vilele. Kofi la dumbak linaweza kugonga dari na kuondoka, sindano ikiwa bado inajinyoosha. Mpigaji, mzee mwenye kofia ya viua, aliwekwa karibu na mlango, hatua tatu kutoka kwenye maiki, na geini ikashushwa mpaka nikadhani imezimwa. Kwenye kioo wimbi lake lilionekana kama miiba ya samaki, myembamba, imesimama peke yake. Katikati ya miiba, karibu kimya. Udi ulipimwa kwa dakika tano tu, sina la kusema. Aliyeupiga ana mkono uliotulia na mita ilitulia naye.

Kisha vigelegele. Wimbo ulikuwa wa harusi, na bibi alikuja na wanawake wawili wa kuitikia. Kigelegele ni adui wa kila mita: kinatoka bila onyo, kinaanzia juu, na mpigaji akiona amefurahisha watu anaongeza. Nimesikia kanda za harusi chungu nzima ambamo bibi harusi anaingia ukumbini na sauti yote inageuka mchanga. Fundi aliwatazama wale wanawake, akawaomba kwa adabu wasogee hadi dirishani, na wakifika mahali pa kigelegele wageuke, wampe maiki mgongo, wakipigie kile kwenye godoro.

"Tulipigie godoro kigelegele?" mmoja akauliza. "Limeolewa?"

Chumba kizima kikacheka, lakini walifanya. Kilichorudi kutoka kwenye godoro na ukuta kikaingia kwenye maiki kikiwa kama kigelegele cha nyumba ya tatu, na nikashangaa kwamba hivyo ndivyo masikio yangu yanavyovikumbuka vigelegele vya utotoni.

Siku mbili baadaye nilirudi kumwona akipanga sauti. Zana ya kukandamiza vilele anayo. Unaichorea mstari, ukiiwekea tatu kwa moja, kila desibeli 3 zinazotaka kuvuka inaruhusu 1 tu. Anaitumia kidogo, kama chumvi. Sehemu kubwa anafanya kwa mkono, neno kwa neno, akichora juu ya wimbi mstari mwembamba wa kupandisha na kushusha. Aliniwekea neno moja, "sitarudi". Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "ru" ilisimama kama mnazi na "di" ikafia chini, chini kabisa, pumzi tupu. Lakini katika "di" ile ndimo bibi alimoficha machozi. Fundi akashusha "ru" desibeli 1 na nusu, akapandisha "di" desibeli 3. Tukasikiliza. Sikusikia kitu kilichobadilishwa. Nilisikia tu kwamba mwanamke huyu harudi.

Mjukuu wa bibi, aliyelipia kazi, alitaka wimbo "upige kama zile nyingine". Ugomvi huu ni wa dunia nzima. Kwa miaka mingi watayarishaji walishindana kuzikandamiza nyimbo ili zote zikae zimegusa dari. Albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic, ilipasuka waziwazi kiasi kwamba wasikilizaji wenyewe waligundua nyimbo zilezile zilikuwa safi zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, wakatia saini kudai itengenezwe upya. Sasa Spotify na YouTube hupima ukubwa wa wimbo mzima, na ule uliozidi kipimo cha karibu hasi 14 unashushwa ulingane na wenzake. Aliyeukandamiza wake hapati ukubwa. Anabaki na ukandamizaji tu. Fundi hakumhubiria kijana. Alitengeneza nakala mbili, moja imekandamizwa, moja imeachiwa, akazilinganisha ukubwa kama zitakavyokuwa mtandaoni, akampa hedifoni. Ile ya kwanza ilikuwa kama watu wamejazana mlangoni. Kijana akachagua ya pili, akaomba tu dumbak liongezwe kidogo. Likaongezwa.

Nimeruka mwisho wa ile siku ya kurekodi. Mkondo wa nne ulikuwa ndio. Bibi aliimba hadi neno la mwisho, udi ukamalizia, mzee wa dumbak akaweka kofi moja dogo, kikapita kimya cha kama pumzi mbili. Kisha yule mwanamke wa dirishani akanong'ona kitu kuhusu godoro, na bibi akacheka. Kicheko kikubwa, cha kurudisha kichwa nyuma, kutoka kwenye kifua kilekile kilichokuwa kinaimba. Niliutazama mstari wa kijani ukipanda: hasi 12, hasi 9, hasi 6. Ukasimama hapo. Ukashuka.

"Umeacha inarekodi?" nikamwuliza.

"Kwani nilizima?"

Akasubiri mpaka bibi alipojifuta macho, ndipo akagusa kompyuta kwa mara ya kwanza tangu wimbo uanze, halafu akainuka kuwasha feni.